UZI: Wenza wa wanajeshi wa Marekani ng'ambo wanavyochangisha fedha za hisani: mitumba, gulio, ruzuku na vitabu vya hesabu

MamaKambi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu. Kila kiangazi, watu wakihamishwa na wapya wakifika, linarudi swali lile lile: vilabu vya wenza wa wanajeshi kule Ramstein na Wiesbaden (Ujerumani), Vicenza (Italia), Yokosuka au Okinawa (Japani) vinapata wapi fedha za kusomesha watoto na kusaidia shule, na mtu mpya anaanzia wapi? Naweka msingi hapa, wenye ujuzi wa hesabu, bidhaa na forodha waongezee.

Kwanza tuelewe hitaji lenyewe. Familia inayopelekwa Ujerumani au Japani kwa kawaida hukaa miaka 3, Korea Kusini miaka 2. Bibi na shangazi wako ng'ambo ya bahari. Kazi nje ya kambi ni ngumu kwa mwenza, kwa lugha na kwa masharti ya SOFA, yale makubaliano ya hadhi ya majeshi kati ya Marekani na nchi mwenyeji. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalioni: nyumbani Marekani timu ya shule hudhaminiwa na wenye maduka wa mtaani. Shule ya DoDEA, yaani shule za Wizara ya Ulinzi kwa watoto wa wanajeshi, iliyo ndani ya uzio Ujerumani haina mtaa wa namna hiyo. Klabu ya roboti, skauti, safari ya mashindano, zulia la chumba cha watoto kanisani, vyote vinatafuta mfadhili. Pengo hilo ndilo wenza wamelibeba kwa miongo mingi, wengi wao kwa kujitolea bila kulipwa hata senti.

Msichanganye vilabu hivi na mifuko rasmi ya misaada. Navy-Marine Corps Relief Society ipo tangu 1904, Army Emergency Relief na Air Force Aid Society tangu 1942. Hiyo hutoa mikopo isiyo na riba na misaada ya dharura kwa mwanajeshi mwenyewe na familia yake. Klabu ya wenza inashughulika na jumuiya: ufadhili wa masomo kwa upande mmoja, na ruzuku kwa vikundi kwa upande wa pili.

Kisheria klabu ni chombo kisicho cha serikali kilichoruhusiwa kufanya kazi ndani ya kambi. Mwongozo mkuu ni agizo la Wizara ya Ulinzi, DoDI 1000.15. Chini yake Jeshi la nchi kavu lina kanuni yake, AR 210-22, na Jeshi la anga lina AFI 34-223. Maana yake kwa vitendo ni kwamba kamanda wa kambi ndiye anayetoa kibali, klabu inajitegemea kifedha, haitumii nembo ya jeshi kana kwamba ni yake, na kila tangazo lake linabeba kauli kwamba si sehemu ya Wizara ya Ulinzi na haina hadhi ya kiserikali. Kauli hiyo iwekwe kwenye bango, kwenye ukurasa wa mtandaoni na hata kwenye tiketi. Ikikosekana, mwanasheria wa kambi anaweza kusimamisha tangazo siku mbili kabla ya tukio, na atakuwa na haki.

Kwenye kambi za Jeshi la anga, uchangishaji wa hapa na pale una kikomo: matukio 2 kwa kila robo ya mwaka. Kwa hiyo kalenda hupangwa mwezi wa Agosti kwa mwaka mzima. Mkishauza keki mara mbili kati ya Oktoba na Desemba, nafasi ya gulio la Krismasi imeondoka.

---

Mgeni_Wiesbaden

Shukrani sana MamaKambi. Swali: kikundi cha familia cha kikosi, SFRG, kinataka kuuza keki ili kichangie ufadhili wa masomo kwa watoto wa kambi nzima. Inaruhusiwa? Au lazima tupitie klabu?

---

KalamuNyekundu

Hapo pitieni klabu. SFRG ni mpango rasmi wa kamanda wa kikosi, hivyo haiwezi kuwa taasisi ya hisani. Mfuko wake usio rasmi ni kwa manufaa ya wanakikosi na familia zao: kukaribisha wapya, kuaga, sherehe ya watoto. Kuchangisha kwa ajili ya watu wa nje ya kikosi, hata kama lengo ni jema kiasi gani, ni kutoka nje ya ruhusa. Uchangishaji wake unasimama juu ya kanuni ya "wetu kwa ajili yetu": watu wa kikosi wanachangishana wao kwa wao kwa ajili yao wenyewe.

Jeshi la anga nalo lina ngazi yake. Kikundi kisicho rasmi, mathalani mfuko wa chai wa ofisi, kikiwa na mali ya wastani wa zaidi ya dola 1,000 kwa mwezi ndani ya miezi 3, kinatakiwa kijisajili kama shirika binafsi au kiache. Watu huvuka mstari huu bila kujua, kwa sababu tu hawakutumia walichokusanya.

Jambo la pili ni cheo. Kanuni za maadili, 5 CFR 2635.808, zinamkataza mwanajeshi kuomba mchango kwa walio chini yake au kutumia cheo chake kuchangisha. Mwenza ni raia, hafungwi na kifungu hicho moja kwa moja, lakini barua ikisomeka "mke wa kamanda wa brigedi anakuomba" tayari cheo kimeingia mlangoni. Tia saini kwa jina lako na nafasi yako katika klabu, basi. Na orodha ya barua pepe za kazini za wanajeshi isiguswe kabisa.

Bahati nasibu nayo tuiseme, maana inapendwa. Kamari ndani ya mali ya serikali ya shirikisho imekatazwa, na msamaha upo kwa hali maalumu zenye kibali. Juu ya hapo kuna sheria ya nchi mwenyeji. Vilabu vingi vyenye busara vimehamia kwenye mnada wa kimya: karatasi mezani, watu wanaandika dau, saa ikifika wa juu anachukua. Pale mtu ananunua kitu; hakuna bahati inayochezwa.

---

MzaniSawa

Naingia upande wa hesabu, ndipo vilabu vingi vinapoumia.

Muundo salama ni vyombo viwili. Cha kwanza ni klabu ya kijamii, yenye ada za uanachama, chakula cha mchana na safari. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, huitambua chini ya kifungu cha 501(c)(7). Cha pili ni chombo cha hisani chini ya 501(c)(3), kinachomiliki duka la mitumba na kutoa ufadhili. Kila kimoja na namba yake ya utambulisho wa kodi (EIN), akaunti yake ya benki, kitabu chake. Fedha za hisani hazilipii maua ya meza za chakula cha mchana. Ukiazima hata dola 50 "tutarudisha wiki ijayo", umechanganya maji na mafuta na mkaguzi ataziona.

Marejesho ya kila mwaka kwa IRS, kwa fomu hizi:
– mapato ghafi ya kawaida yasiyozidi dola 50,000: 990-N, kadi ya kielektroniki, dakika chache tu;
– chini ya dola 200,000 na mali chini ya dola 500,000: 990-EZ;
– zaidi ya hapo: 990 kamili.

Tarehe ni siku ya 15 ya mwezi wa 5 baada ya mwaka wa fedha kuisha. Vilabu vingi hufunga mwaka 31 Mei, kwa hiyo ni 15 Oktoba. Angalia mtego ulivyo: mweka hazina aliyefunga hesabu Mei anahama Juni au Julai, na anayetakiwa kuwasilisha Oktoba ni mtu ambaye hajui hata neno la siri. Usipowasilisha miaka 3 mfululizo, hadhi ya msamaha wa kodi inafutika yenyewe kwa sheria. IRS haikuiti kwenye kikao. Klabu inagundua siku mfadhili anapotafuta jina lao kwenye orodha na asilione. Nyongeza ya muda ya miezi 6 ipo kwa 990 na 990-EZ kupitia fomu 8868, ila 990-N haina nyongeza.

Kuhusu duka la mitumba, nataka muelewe tofauti moja. Kuuza vitu vilivyotolewa bure hakuhesabiwi kuwa biashara isiyohusiana na hisani. Lakini maduka mengi ya kambini huchukua pia mali kauli: mtu analeta kochi, duka linauza, mwenye kochi anapewa sehemu kubwa, duka linabaki na kamisheni. Kamisheni hiyo haimo kwenye msamaha wa vitu vya bure. Inaokolewa na msamaha mwingine, ule wa kazi inayofanywa karibu yote na watu wa kujitolea. Siku duka likiajiri meneja na makarani wa kulipwa, msamaha huo wa pili unalegea, na mapato ghafi ya namna hiyo yakifika dola 1,000 kuna fomu 990-T ya kujaza. Kabla ya kuajiri, kaeni na mhasibu anayejua mambo haya.

Fedha za mwenye mali kauli ambaye hajazifuata si mapato. Ni deni. Zikae kwenye mstari wake mpaka muda wa kwenye mkataba uishe, na mkataba useme wazi: baada ya siku kadhaa zisipochukuliwa zinakuwa mchango kwa hisani. Bila sentensi hiyo mtabeba madeni ya watu waliohamia Texas miaka 4 iliyopita.

Kwenye mnada na karamu: tiketi au kitu kinachompa mlipaji manufaa, na malipo yakazidi dola 75, klabu inatakiwa impe maandishi yanayosema thamani ya alichopata. Tiketi ya dola 100 yenye mlo wa dola 40 ina mchango wa dola 60 tu. Na mchango wa dola 250 au zaidi mtoaji hawezi kuudai kwenye kodi bila barua yenu.

---

FundiTransfoma

Nimefurahi duka la mitumba limetajwa, maana watu hulichukulia kama stoo ya takataka, wakati ndilo uti wa mgongo. Gulio ni mara moja kwa mwaka. Duka linaingiza kila wiki.

Faida yake ng'ambo inatokana na umeme na uhamisho. Familia inatoka Marekani na vifaa vya volti 120 na hezi 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde), inaingia Ujerumani kwenye volti 230 na hezi 50. Inanunua transfoma, taa, kikaushia nywele cha pale. Miaka 3 ikiisha, vitu hivyo havina kazi Marekani, vinaishia dukani, na familia mpya inavinunua wiki ile ile. Kabati za nguo pia, kwa kuwa nyumba nyingi za Ujerumani hazina kabati za kujengewa ukutani. Mapazia na zulia vivyo hivyo. Kitu kimoja kinaweza kupita duka hilo hilo mara 4 au 5, na kila mara kinaacha fedha za hisani.

Transfoma ipimwe kabla ya kuwekwa bei. Soma wati kwenye kibao chake. Ya wati 1,000 usimuuzie mtu anayetaka kuwasha mashine ya kahawa ya wati 1,500: itachemka, harufu ya vanishi itatoka, na ikiachwa ni moto wa nyumba. Vitu vya kupasha joto ndivyo vinavyokula wati. Andika kwenye lebo kwa herufi kubwa. Na mwambie mnunuzi kwamba transfoma inabadilisha volti tu, hezi haigusi. Saa ya mezani ya zamani ya Marekani inayotegemea hezi 60 itatembea kwa kasi ya tano ya sita, yaani kila saa moja itapoteza dakika 10. Japani nako mtu wa mashariki, Yokota au Yokosuka, yuko kwenye gridi ya hezi 50, na Okinawa hezi 60, huku volti ni 100 kote. Pasi ya Kimarekani ikichomekwa kwenye volti 100 inabaki na kama asilimia 70 ya nguvu yake. Si mbovu, ni dhaifu.

Vitu vya kukataa mlangoni bila aibu:

Vitanda vya watoto vyenye ubavu unaoshuka. Marekani ilipiga marufuku kuviuza, vipya na vya mitumba, kuanzia 28 Juni 2011. Bado vinaletwa, vikiwa vimefungwa utepe mzuri. Kataa.

Viti vya watoto vya kwenye gari na kofia ngumu za baiskeli ambazo historia yake hamuijui. Kiti cha gari kina tarehe ya mwisho wa matumizi iliyochapwa kwenye plastiki, na kikishapata ajali hakitumiki tena hata kama kinang'aa.

Kitu chochote kilichoitwa kirudishwe kiwandani. Tafuta namba ya modeli kwenye orodha ya tume ya usalama wa bidhaa, CPSC, kabla ya kubandika bei. Dakika 2 tu.

Kuhusu mali kauli, mpangilio unaofanya kazi ni huu: muda siku 60, bei ishuke baada ya siku 30, mwenye mali apate asilimia 70 au 75, idadi ya vitu ipunguzwe mpaka 10 au 15 kwa siku kwa mtu mmoja. Bila kikomo cha idadi, mwezi wa Juni duka linajaa hadi mlango wa dharura unazibwa, kisha kikosi cha zimamoto cha kambi kinafunga duka. Juni na Julai wekeni chumba cha pili au simamisheni mali kauli, mpokee michango tu.

---

Mgeni_Wiesbaden

Je, majirani Wajerumani wanaweza kununua? Kuna wanaouliza getini.

---

Mlinda_Lango

Hapana, na hili ndilo kosa linaloweza kufunga duka zima. Vitu vingi vya kambini viliingia bila ushuru na bila kodi ya nchi mwenyeji, chini ya SOFA. Ujerumani inafuata SOFA ya NATO ya 1951 na makubaliano ya nyongeza ya 1959. Japani ina yake ya 1960, Korea Kusini ya 1966. Kumuuzia au kumpa asiye na haki hiyo ni suala la forodha, hata kama ni blanketi kuukuu. Kitambulisho kiangaliwe mlangoni, kila mtu, kila siku. Kuna njia halali ya kumhamishia mtu wa nje, kwa kibali cha forodha na kodi ikilipwa, na hata mabaki mnayotaka kuyapeleka kituo cha yatima nje ya kambi yapitishwe kwa forodha kwanza. Msipakie gari usiku kwa huruma. Ombeni karatasi, msaidie watoto bila kuwatia matatani.

Fomu za msamaha wa VAT nazo ni za mtu binafsi kwa matumizi yake. Mwanachama asinunulie klabu viti 200 kwa fomu yake ili kukwepa asilimia 19. Bidhaa za kamisari, duka la vyakula la kambini, hazinunuliwi ili ziuzwe tena. Posta ya kijeshi si njia ya kuingizia bidhaa za biashara.

Sasa gulio, au bazaa kama wenyewe wanavyoliita. Ulaya wafanyabiashara hutoka mbali na vyombo vya udongo vya Bolesławiec (Poland), mazulia, jibini, samani. Klabu inapata kwa kodi ya meza au asilimia ya mauzo, au vyote viwili. Ushauri wangu: kodi ya meza ilipwe mapema kwa ukamilifu. Asilimia ya mauzo inahitaji kuaminiana au kaunta ya pamoja inayopokea fedha zote, na kaunta ya pamoja inahitaji watu 12 hadi 15 kwa zamu.

Lango ndilo linaloua magulio. Majina yote, namba za pasipoti na namba za magari ya wafanyabiashara yaende ofisi ya vitambulisho angalau siku 45 kabla, pamoja na wasaidizi wao. Mfanyabiashara atakuja na shemeji yake badala ya yule aliyeandikwa, na shemeji atabaki nje. Waandikieni mara mbili kwamba jina likibadilika baada ya tarehe fulani, halitapita. Magari yapewe muda wa kuingia kwa mafungu ya 10 kila nusu saa, la sivyo ukaguzi utafunga lango na wanajeshi watachelewa kazini. Kamanda atakumbuka foleni kuliko ruzuku zote mlizotoa.

Umeme: soketi ya Ujerumani ni ampea 16 kwa volti 230, yaani kama wati 3,680. Hita mbili za wati 2,000 kwenye mzunguko mmoja zinaangusha swichi, na gulio la Novemba ndani ya hanga la ndege kila mwenye meza ana hita yake miguuni. Kwenye mkataba andikeni wati anazoruhusiwa kila mmoja, na hita ziwe marufuku isipokuwa kwa kibali. Nyaya za kuongezea zikunjuliwe zote kutoka kwenye gurudumu lake; ukiacha zimejiviringisha chini ya mzigo zinachemka.

Fedha taslimu: kila kaunta ianze na dola 200, noti 40 za dola 1, 12 za dola 5 na 10 za dola 10. Watu wawili wanahesabu, wasiwe mume na mke wala ndugu, wote wanatia saini. Kila saa 2 noti kubwa zinatolewa kwenda kwenye sefu. Stakabadhi ziwe na namba zilizochapwa tayari; iliyoharibika isichanwe, iandikwe "imefutwa" na ibaki kitabuni.

---

KalamuNyekundu

Naongezea bima kwa Mlinda_Lango. Bima nyingi za dhima za Kimarekani zinafunika Marekani, maeneo yake na Kanada, na zinataka kesi ifunguliwe huko. Mchuuzi Mjerumani akiangukiwa na hema atashtaki Ujerumani. Ombeni nyongeza ya dunia nzima inayotaja kesi za nje. Na kwa kambi za Jeshi la anga, wanachama waelezwe wazi kwamba mali ya klabu isipotosha kulipa deni, wao wenyewe wanaweza kudaiwa. Hili lisomwe kwenye mkutano, liingie kwenye muhtasari.

---

Upepo_wa_Okinawa

Nimesoma kwa makini, ahsanteni. Huku Okinawa vilabu kadhaa vinaelekeza sehemu ya mapato yao kwa AWWA, chombo cha pamoja cha ustawi, na fedha zinakwenda kwa jumuiya ya kambi na pia kwa vituo vya ustawi vya Waokinawa wenyewe. Ninachotaka kuelewa ni upande wa kutoa. Nani anaamua, na kwa vipi, ili isiwe watoto wa marafiki tu?

---

MamaKambi

Swali zuri, na mimi naona ndilo zito kuliko yote.

Ufadhili wa masomo uwe na makundi: wanaomaliza sekondari, wanaoendelea chuo, na wenza wenyewe wanaosoma. Walengwa wawe jumuiya pana. Chombo cha 501(c)(3) hakiwezi kuwa kisima cha watoto wa wanachama peke yao. Katibu anaondoa majina na jina la shule, anaweka namba. Waamuzi wawe 5, ikiwezekana wawe wamehama au wako kambi nyingine, na yeyote mwenye mtoto au mpwa kwenye kundi anatoka kundi zima, si kwenye fomu moja tu. Alama zinajazwa kila mmoja kivyake kabla ya kikao. Mkizungumza kwanza, mwenye sauti kubwa ndiye anayeamua.

Hundi iandikwe kwa chuo, na jina la mwanafunzi kwenye maelezo. Mwombaji atoe anwani ya Marekani ya mtu atakayebaki hapo hadi Septemba, kwa sababu wakati hundi inatoka familia inaweza kuwa imeshafunga sanduku lake la posta ya kijeshi (APO). Pia mshaurini aulize chuo kama ufadhili wa nje utapunguza msaada wake wa ndani. Vyuo vingine hufanya hivyo, na akiomba mgawo wa mihula miwili anaweza kupunguza hasara.

Ruzuku za jumuiya zinataka fomu fupi: kiasi, bei kutoka kwa muuzaji, watu wangapi watafaidika, lini kitanunuliwa, fedha nyingine zinatoka wapi. Ogopeni fomu inayoandika "vifaa mbalimbali". Msimpe mtu fedha za chakula cha sherehe kabla ya kumpa anayeomba vitabu vya maktaba.

Na hapa wengi hujikwaa: shule ya DoDEA, zahanati ya kambi na kikosi ni serikali. Hamuwezi kuwapa mikrowevu au dola 2,000 mkapiga picha mkaondoka. Ni zawadi kwa serikali, na lazima ikubaliwe na mwenye mamlaka kwa maandishi. Hilo linaweza kuchukua wiki nyingi. Kwa shule, njia rahisi ni kupitia chama cha wazazi au chama cha washangiliaji wa timu, ambavyo navyo ni vyombo binafsi vyenye akaunti zao.

Kuhusu biskuti ambazo klabu huwaokea Desemba wanajeshi wanaolala mahangani, yaani mabwenini, hesabu ianze Oktoba. Mahanga yenye watu 600, kila mmoja 12, ni biskuti 7,200. Mpishi mmoja hutoa dazeni 4 hadi 5 kwa urahisi, kwa hiyo mnahitaji wapishi kama 130. Zenye karanga zikae meza ya mwisho, na mifuko yake iwe ya rangi tofauti. Cream na custard zisiingie. Hazistahimili saa 6 bila friji. Wasisahauliwe walinzi wa zamu ya usiku, maana wao hukuta sinia tupu.

---

Mgeni_Wiesbaden

La mwisho kwangu: kamati yetu mpya inaanza Juni, mweka hazina anahama tarehe 20 Juni. Tufanye nini kwanza?

---

MzaniSawa

Benki kwanza, kabla ya kitu kingine. Peleka muhtasari wa uchaguzi wenye saini na muwaandikishe watia saini wapya wakati wa zamani bado yupo, kwa sababu benki nyingi zinataka mmoja wa wenye saini wa sasa awepo. Akishapanda ndege, akaunti inakaa imefungwa na hundi za wanafunzi zinasubiri.

Pili, angalieni programu ya kupokea malipo kwa kadi. Mara nyingi imesajiliwa kwa simu ya mtu binafsi, na ujumbe wa kuthibitisha utakwenda kwenye namba aliyoiacha Ujerumani. Ihamishieni kwenye barua pepe ya cheo, si ya mtu, na namba itakayobaki klabuni.

Tatu, badilisheni mhusika wa EIN huko IRS kwa fomu 8822-B ndani ya siku 60. Nne, chapeni nakala ya marejesho ya miaka 3, barua ya IRS ya kutambuliwa, kibali cha kambi na tarehe yake ya kuhuishwa, na mkataba wa bima, viwe kwenye faili moja. Tano, mtu asiyekuwa na saini benki alinganishe taarifa ya benki ya Mei na kitabu, kabla ya tarehe 20, aandike jina lake chini.

Na mpigie mweka hazina mpya alama kwenye kalenda: 15 Oktoba. Kisha mpe mwingine wa pili alama hiyo hiyo.